Wiki ya Mashindano kwa Kinubi cha Watu

Jumapili

Kesho naondoka. Begi langu ni dogo kuliko unavyodhani kwa mtu anayekwenda kushindana kupiga kinubi: ufunguo wa kukazia nyuzi, kipima sauti cha kubana kwenye ubao, nyuzi za akiba, nakala mbili za nota, kikatio cha kucha na viatu. Kinubi chenyewe kinabaki nyumbani. Changu ni kile kidogo chenye nyuzi 36, ambacho kila uzi una kibano chake juu shingoni, na ukitaka kupandisha sauti kwa nusu toni inabidi mkono wa kushoto uache kupiga ukainue kibano. Kanuni zinakiruhusu, ila vipande vyangu vyote viwili vinakaa vizuri zaidi kwenye kinubi kikubwa cha pedali, na hivyo vikubwa wenye mashindano wanaviweka wenyewe ukumbini. Kusafiri na cha kwako ni kusafiri na mzigo wa kilo 35 hadi 40, mrefu kama mtu mzima, usiopenda baridi, joto wala mtikisiko. Wenye magari makubwa wanathubutu. Mimi napanda treni.

Masharti ya kuingia hayana maajabu. Ni mashindano ya wapigaji wa ridhaa: usiwe unaishi kwa kinubi, na usiwe unasomea shahada ya muziki. Umri hauna mwisho. Unapanda jukwaani peke yako, dakika 12 zisizidi, kipande cha lazima na kimoja cha hiari. Kupiga huku unasoma nota kunaruhusiwa, na sharti hilo ndilo lililonifanya nijaze fomu.

Cha lazima mwaka huu ni mojawapo ya sonatina saba (vipande vifupi vya ala) za François-Joseph Nadermann. Huyu alikuwa mwalimu wa kwanza wa kinubi katika Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris, kuanzia 1825, na alikuwa mbishi. Mtengeneza vinubi Sébastien Érard alikuwa ameshasajili mwaka 1810 mfumo wa pedali zinazokanyagwa kwa hatua mbili, ambao ndio unaotumika kwenye vinubi vikubwa mpaka leo. Nadermann, mtoto wa mtengeneza vinubi wa mtindo wa zamani, akabaki na pedali za hatua moja. Kwa hiyo muziki wake hauisumbui sana miguu, na nadhani ndiyo sababu umechaguliwa kwa watu kama sisi.

Ukiutazama karatasini unauona mwepesi, na hapo ndipo unapokunasa. Nota ni chache, nafasi ni kubwa, na kinubi hakina kitu cha kuzuia sauti. Kwenye piano ukiinua kidole sauti inakatika yenyewe. Kwenye kinubi ukiachia uzi, ndiyo kwanza unaanza. Besi, yaani sauti nene za chini, inaendelea kulia chini ya akodi inayofuata (akodi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), na kama akodi imebadilika, zile mbili zinagombana masikioni mwa watu. Mwalimu wangu amenisumbua mwaka mzima kwa neno moja tu: zima. Namsikia, lakini kwa siri nimekuwa nikihesabu zaidi kasi ya vidole.

Jumatatu

Treni, saa nyingi. Kwa kuwa vidole havina pa kufanyia mazoezi, nimefanyia kazi miguu.

Pedali ni saba, moja kwa kila herufi ya sauti, A hadi G. Mguu wa kushoto una D, C na B. Wa kulia una E, F, G na A. Kila moja ina vituo vitatu: juu ni flati (nusu toni chini), katikati ni ya kawaida, chini kabisa ni shapu (nusu toni juu). Ukikanyaga ya F, nyuzi zote za F, kuanzia besi hadi zile fupi za juu, zinabadilika kwa pamoja. Macho hayasaidii sana, kwa sababu yako kwenye nyuzi na kwenye karatasi. Mguu lazima uijue njia. Nyumbani, ambako sina pedali, nimekuwa nikikaa kitini na kuchora herufi kwa chaki sakafuni. Ndani ya treni nilifanya vivyo hivyo bila chaki: kisigino chini, ncha ya kiatu inasogea, inashuka, inateleza pembeni, inarudi.

Mama mmoja wa makamo aliyekaa mbele yangu alivumilia vituo kadhaa, halafu uzalendo ukamshinda.

“Mwanangu, miguu ina nini?”

Nikamweleza kwamba nakwenda kupiga kinubi na haya ni mazoezi.

“Kinubi si mikono?”

“Mikono na miguu, mama.”

Akanitazama kwa huruma. “Basi malaika wana kazi kubwa kuliko tulivyoambiwa.”

Kipande changu cha hiari ni kifupi, cha Alphonse Hasselmans, na hicho ndicho chenye kazi ya miguu. Hasselmans alifundisha palepale Paris tangu 1884, na ukiangalia majina ya wanafunzi wake, Henriette Renié, Marcel Tournier, Carlos Salzedo, Marcel Grandjany, unaona kwamba karibu kila mpiga kinubi wa leo ana babu wa muziki katika darasa lile. Kwa wa ridhaa muziki wake una faida nyingine: unasikika mgumu kuliko ulivyo. Vidole vinapanda na kushuka kwa mpangilio uleule, na miguu ndiyo inayobadilisha rangi. Miguu ikienda sawa, watu wanapiga makofi.

Jumanne

Tumejiandikisha na kuokota vikaratasi vya zamu. Nimepangiwa Ijumaa mchana, baada ya mapumziko. Zamu nzuri: majaji wameshiba na bado hawajachoka.

Baadaye tukapelekwa kuonja vinubi. Viwili, vyote vya nyuzi 47, vimesimama jukwaani kwa mkao wa kupisha kiti katikati. Kila mshiriki ana dakika 20 kuvijaribu, kisha anamwambia karani amechagua kipi. Hapa niwashauri wanaofikiria kuingia mashindano kama haya: msianze na mikono. Karibu kila aliyenitangulia alikaa, akapiga akodi nzuri kwa nguvu, akasikiliza namna ukumbi unavyorudisha sauti, akatabasamu, akachagua. Mimi nilianza chini. Nilishusha na kupandisha kila pedali polepole bila kugusa uzi hata mmoja.

Cha kwanza, chenye nguzo ya dhahabu ambayo kila mtu aliitamani, kilikuwa na pedali ngumu, na ya B ilirudi juu kwa mshindo uliosikika hadi viti vya nyuma. Feliti inayofunika kituo cha pedali ikichakaa, chuma kinagonga mbao. Cha pili kilikuwa cha mbao tupu, sauti yake imejikunja kidogo kwenye nyuzi za juu, lakini pedali zote zilishuka laini na kukaa zilipoambiwa. Nikachagua cha mbao. Karani akaniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Viatu navyo vilifanya kazi yake. Nilivijaribu vya jozi mbili palepale: vile vya kung'aa nilivyonunulia sherehe vina soli nene na sikusikia chochote chini yake. Vya zamani, soli yake imekwisha kabisa, nilisikia hadi mtikisiko mdogo wa fimbo za chuma zinazopita ndani ya nguzo kupeleka amri juu shingoni. Nitapanda jukwaani na vya zamani. Picha zitajua zenyewe.

Jumatano

Mazoezi, kila mtu na chumba chake kwa saa alizopangiwa, na muda mwingi wa kukaa varandani na wenzangu. Hili ndilo jambo ambalo fomu haikueleza: utakaa na watu wa ajabu. Kuna daktari wa meno. Kuna dada anayetengeneza programu za kompyuta, aliyejifunza kinubi ukubwani kwa sababu aliona kimoja kinauzwa na akashindwa kulala. Kuna mzee, dereva mstaafu wa malori, mwenye mikono ambayo ungeikabidhi spana kwa imani yote.

Mazungumzo ni ya vidole, kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kuzungumza naye kuhusu vidole. Tunatumia vinne kila mkono. Kidole cha mwisho ni kifupi na dhaifu, tunakiacha kipumzike. Kucha zinakatwa hadi nyama, maana ukucha ukigusa uzi unatoa mlio mkali. Ncha za vidole zinaota sugu, na mtu anazitunza kama mali. Daktari wa meno ana shida yake ya pekee: ananawa mikono na kuvaa glavu kutwa nzima, sugu zinalainika na kubanduka. Amekuja amechukua likizo wiki moja kabla, si kwa ajili ya kupumzika bali kwa ajili ya ngozi.

“Wagonjwa umewaambiaje?” dada wa kompyuta akamuuliza.

“Nimewaambia nina dharura ya kifamilia.”

Chumba changu cha mazoezi kilipakana na cha yule mzee. Mimi nilipiga Hasselmans mwanzo hadi mwisho, nikarudia, nikaongeza kasi. Upande wa pili wa ukuta nilisikia akodi moja ya besi. Kisha kimya. Akodi ileile. Kimya. Iliendelea hivyo nikadhani anakaza nyuzi, kisha nikadhani kinubi chake kimeharibika. Nilipotoka nikamkuta varandani anakunywa maji.

“Pole mzee wangu, kinubi kimegoma?”

“Hapana, kinanisikiliza vizuri tu.”

Sikuendelea kuuliza.

Alhamisi

Uzi umekatika usiku, na umekatika kwenye kinubi cha mbao.

Hakuna aliyeugusa. Nyuzi za katikati ni za utumbo wa mnyama, zinanywa unyevu wa hewa na kuutoa, na mvuto wa nyuzi zote kwa pamoja juu ya ubao wa kinubi kikubwa unakaribia tani moja. Hewa ya ukumbi ikibadilika ghafla, kama mashine ya joto ikizimwa usiku, uzi uliochoka unaachia. Fundi wa mashindano alikuta umejikunja sakafuni asubuhi. Ulikuwa G, oktava ya tatu, katikati kabisa ya kila kitu ninachopiga.

Sauti nyingi za kinubi cha pedali zina mlango wa pili. Ukikosa uzi wa F, unaweza kukanyaga pedali ya E hadi shapu na kuipata F palepale. B flati unaipata kwenye A shapu. C unaipata kwenye B shapu. Sauti tatu tu hazina mbadala: D, G na A za kawaida. Fundi alinitajia hilo huku akifunga fundo la uzi mpya, kama mtu anayekueleza hali ya hewa.

Uzi mpya wa utumbo ndio taabu yenyewe. Unaukaza hadi G, unageuka kuchukua bisibisi, umeshashuka. Unaukaza tena. Unahitaji siku kadhaa kutulia, na mimi napiga kesho. Fundi aliuvuta kwa vidole katikati, taratibu, kuusaidia kunyooka, akaukaza, akauvuta, akaukaza. Aliahidi kuupitia kila baada ya saa moja hadi ukumbi ufungwe, na kila nilipopita mlangoni nilimwona ameinama hapo na ufunguo wake.

Karani akaniuliza kama nataka kuhamia kinubi cha dhahabu. Kanuni zinaruhusu chombo kikipata hitilafu. Nilikaa nacho kidogo. Ile pedali ya B bado iligonga. Uzi unaoshuka unaweza kuukaza kati ya kipande na kipande. Pedali inayogonga haina dawa jukwaani. Nikabaki na cha mbao.

Jioni tuliwasikiliza waliopangiwa siku ya kwanza. Daktari wa meno alipiga vizuri, akatoka na kidole kimoja kimevimba. Dada wa kompyuta alikuwa na mkono wa kulia ambao ningeuiba kama ungebanduka.

Ijumaa

Nilipewa dakika kumi na kinubi kabla ya kuitwa. Pedali zote juu, kinubi chote kiko kwenye flati, na unapita uzi kwa uzi na ufunguo. Hivi ndivyo kinavyokazwa: zote juu kwanza, kwa sababu hapo hakuna kisahani cha shingoni, kile kinachozungushwa na pedali, kinachobana uzi na unasikia urefu wake wote. G mpya ilikuwa chini, si sana. Nikaiacha juu kidogo ya mstari, nikijua itashuka yenyewe.

Kisha nikainua macho nikaona taa. Mtu wa taa alikuwa ameweka mwanga wa rangi ya machungwa, kwa nia njema, kupendezesha jukwaa. Nyuzi 47 zinazofanana utazitofautishaje? Kwa rangi: C zote ni nyekundu, F zote ni nyeusi, na nyingine unazihesabu kutoka hapo. Chini ya taa ile, nyekundu ilikuwa kahawia iliyokolea na nyeusi ilikuwa kahawia iliyokolea. Niliomba taa nyeupe. Kijana wa taa hakuamini kwamba ni jambo la maana hadi nilipomwita akae kitini pangu na kuniambia C iko wapi. Alitazama, akarudi kimya, na mwanga ukawa mweupe kwa wote waliobaki siku ile.

Nilipoitwa nilikaa, nikakiegemeza kinubi begani, nikakisikia kimepata mizani yake, pale ambapo uzito wote unatoweka. Nikapanga pedali, kushoto tatu, kulia nne. Majaji watatu walikuwa wameinamisha vichwa wakiandika kitu kuhusu aliyenitangulia.

Nadermann ilianza vizuri. Utangulizi wake una akodi pana zinazovunjwa kutoka chini kwenda juu, na nilikuwa na utulivu kuliko nilivyotegemea. G ilikaa. Katika sehemu ya haraka vidole vilikwenda kama vilivyofundishwa. Nilichosikia, na nilikisikia nikiwa bado napiga, ni kwamba ukumbi huu haukuwa chumba changu. Besi ilidumu kwa namna ambayo sijawahi kuisikia nyumbani, kwa sababu kinubi changu hakina hata nyuzi hizo. Nikiweka akodi mpya juu yake, ya zamani ilikuwa bado iko pale inazungumza. Niliinua mkono kuzima mara mbili tatu. Penginepo mkono ulikuwa na kazi nyingine.

Kati ya vipande nilichukua ufunguo kutoka juu ya stendi, nikapandisha G. Ilikuwa imeshuka kweli. Jaji wa katikati alitikisa kichwa kukubali, nadhani kwa sababu nilifanya taratibu.

Hasselmans nilimfurahia. Miguu ilikwenda. Kuna mahali mguu wa kushoto unabadilisha B na wa kulia unabadilisha E kwa wakati mmoja huku mikono yote inapanda, na ukichelewa hata kidogo kisahani kinaubana uzi ukiwa bado unatetemeka, unasikika kama nzi amenasa kwenye chupa. Hakukuwa na nzi. Makofi yalikuwa ya heshima na kidogo zaidi.

Yule mzee alifuata baada ya wawili. Alichagua kinubi kilekile cha mbao. Alipiga Nadermann kwa mwendo wa polepole kuliko sote, na nilidhani ameogopa. Halafu nikaanza kusikia kitu ambacho sikukisikia kwa mtu mwingine yeyote: mapumziko. Pale mtunzi alipoandika kimya, palikuwa na kimya. Besi iliingia, ikakaa muda wake, ikaondoka, na akodi iliyofuata ikaja mahali palipofagiliwa. Sonatina ile ambayo nimeishi nayo mwaka mzima nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza.

Jumamosi

Matokeo saa nne asubuhi. Wa kwanza mzee. Wa pili dada wa kompyuta. Wa tatu kijana mmoja ambaye hakukaa varandani na sisi, kwa hiyo sina habari zake. Mimi nimepata cheti cha kutajwa na karatasi ya maoni ya majaji, ambayo kwa mtu wa ridhaa ina thamani kuliko cheti, maana watu hawa huwa hawakusikilizi bure.

Mmoja ameandika: miguu imetulia, chaguo zuri la chombo. Wa pili: kipande cha hiari kina mwendo, lakini mkono wa kushoto unasubiri wa kulia. Wa tatu ameandika mstari mmoja, bila pambo: besi haizimwi, kwa hiyo sikusikia badiliko la akodi hata pale ulipolipiga sawasawa. Nimeusoma nikasikia sauti ya mwalimu wangu kabisa, neno kwa neno.

Nikamtafuta mzee. Alikuwa jukwaani anakusanya nota zake.

“Mzee wangu, shikamoo, na hongera. Ile akodi moja ya juzi, ukutani…”

“Marahaba. Ulidhani nimeharibu kitu.”

“Nilidhani hivyo.”

Akanikalisha. Metronomi yake, kile chombo cha kuhesabu mapigo, aliiweka kwenye 50 kwa dakika. “Piga mkono wa kushoto, akodi ya chini. Moja. Kwenye mbili, zima.” Nikapiga, nikazima. Nyuzi za besi ni za chuma zilizozungushiwa waya, na kiganja changu kilipozigusa zilikwaruza.

“Unazigusa kwa woga. Chuma ukikigusa kwa woga kinapiga kelele. Weka kiganja chote, bapa, mara moja.”

Nikarudia. Mkwaruzo ukapungua. Akaniongezea: moja piga, mbili zima, tatu piga akodi nyingine, nne zima, lakini sasa usizime zote, zima zile tu ambazo hazimo kwenye akodi inayokuja. Hilo lilinishinda palepale. Yeye alilifanya bila kutazama mkono, huku akinieleza kwamba alianza kwa sababu nyumba yake ni ndogo na mkewe anapenda kulala mapema.

Tulikuwa bado hapo, mimi nimefika kwenye akodi ya tatu, fundi alipokuja na turubai na kamba akatuomba tuinuke. Gari la vinubi lilikuwa limefika.

“Dakika mbili, fundi,” mzee akamwambia. “Huyu bado anaziogopa.”

Fundi akatazama saa, akaanza na kile cha dhahabu.